Pakiti Ikishafunguliwa

Lenzi za kuvaliwa juu ya jicho bado ni kitu cha wachache katika pwani ya Lindi. Ukianzia Kilwa Kivinje, ukapita Masoko, ukateremka Mchinga mpaka Lindi mjini, utakuta meza nyingi za miwani ya kusomea kabla hujakutana na mtu mmoja aliyepimiwa lenzi na mtaalamu. Zile zilizofika huku zimeingia kwa mlango wa urembo: za kijivu, za kijani, za rangi ya asali, zinazopanda basi kutoka Kariakoo pamoja na kope za kubandika na kucha za plastiki, na kushukia saluni msimu wa harusi ukikaribia. Na swali linaloulizwa juu yake, pale linapoulizwa, ni moja: imeekspaya au bado?

Swali si baya. Tabu ni kwamba likishajibiwa, kila mtu huona kazi imekwisha. Muuzaji anageuza pakiti, anaweka ukucha chini ya tarehe, "Hii mpaka 2028, dada, mbichi kabisa," na noti zinahama mkono. Hajasema uongo. Ila tarehe ile ni ahadi ya kiwanda juu ya pakiti ambayo haijafunguliwa, na hakuna anayevaa pakiti. Tangu kifuniko kinapobanduliwa, ahadi ya kiwanda imekoma na mwenye kuhesabu siku ni mvaaji mwenyewe. Tena hesabu hiyo haiwi sawa kila mahali: kadiri mtu anavyoishi mbali na daktari wa macho, ndivyo anavyotakiwa kuwa mkali zaidi nayo.

Tuisome pakiti kwanza. Kikombe kidogo cha plastiki kimezibwa kwa karatasi ya alumini. Ndani yake lenzi inaelea kwenye maji ya chumvi yaliyopimwa, ambayo yameuliwa vijidudu baada ya kufungwa. Penye mchoro wa saa ya mchanga ndipo ilipo tarehe ya mwisho. Ikiandikwa 2027-03, inafaa mpaka siku ya mwisho ya Machi. Ikiandikwa 03/04/27, usikimbilie kujibu: Mmarekani hutanguliza mwezi, sisi hutanguliza siku, na bidhaa haikwambii imeandikwa kwa desturi ya nani. Herufi LOT hufuatwa na namba ya toleo, nayo ndiyo itakayotajwa siku bidhaa ikiondolewa sokoni kwa kasoro. BC 8.6 ni mkunjo wa lenzi, DIA 14.2 ni upana wake, vyote kwa milimita. Visipolingana na jicho lako, lenzi itabana au itateleza. PWR 0.00 maana yake haina nguvu ya kurekebisha uoni. Sifuri hiyo huwapa watu utulivu usiostahili. Ni sifuri ya nguvu, si ya madhara.

Lenzi yenyewe haiozi. Lenzi laini tunazozijua leo zilitokana na kazi ya mkemia Otto Wichterle wa Prague, ambaye Krismasi ya mwaka 1961 alizitengeneza nyumbani kwake kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya kuchezea watoto. Plastiki yake ni ngumu kufa. Kinachochoka ni muhuri na maji yaliyomo: kifuniko hulegea, unyevu hupenya polepole, uchachu wa maji hubadilika. Kiwanda kimepima uimara huo kwa miaka kadhaa, na baada ya hapo hakiko tayari kuweka saini. Kwa hiyo iliyopita tarehe ni ya kutupa, bila mjadala wa "imepita wiki mbili tu". Na ile ambayo iko ndani ya tarehe, lakini kifuniko kimetuna au maji yamepungua, nayo ni ya kutupa. Baadhi ya pakiti huonyesha pia mchoro wa kipimajoto chenye kikomo cha nyuzi 25 au 30. Msimu wa kaskazi, duka la mabati lililofungwa mchana kutwa hapo Kilwa Masoko huvuka kikomo hicho bila kutoka jasho, na buti la basi ndiyo usiseme.

Saa ya pili huanza pakiti inapofunguliwa. Nazi nzima hukaa jikoni wiki kadhaa. Ukishaivunja na kuikuna, tui halilali. Lenzi ya siku moja huvaliwa asubuhi na kutupwa jioni, haioshwi wala haiwekwi akiba. Ya wiki mbili hutupwa ikitimiza wiki mbili, ya mwezi ikitimiza mwezi. Zile za urembo zinazouzwa kwenye kichupa cha kioo na kutangazwa kuwa "za mwaka" hazina zaidi ya mwaka mmoja tangu kufunguliwa, hata kama mwaka huo ulikuwa na harusi mbili tu. Hapa ndipo hesabu ya mtaani inapokwenda kombo: "Nimevaa mara tatu, bado mpya." Siku zinahesabika hata lenzi ikiwa kabatini, kwa sababu kila ilipovaliwa ilibeba ute na protini za machozi, na kila ilipolazwa kwenye kikasha ililala na vijidudu ilivyokuja navyo.

Kikasha na dawa ya kusafishia vina saa zao pia. Chupa ya dawa ina tarehe ya kiwanda, lakini ikishafunguliwa lebo nyingi hutaka itupwe baada ya siku 90, nyingine mapema zaidi. Kikasha hubadilishwa angalau kila miezi mitatu, kwani ndani yake hujengeka utando wa bakteria usioonekana, ambao dawa huupenya kwa shida. Kila asubuhi dawa ya jana humwagwa yote, kikasha husuuzwa kwa dawa mpya, hufutwa na kuachwa kikauke kikiwa kimefudikizwa. Ukijumlisha, mvaaji mmoja ana tarehe tatu za kukumbuka mbali na ile iliyochapishwa: ya lenzi, ya chupa na ya kikasha. Kalamu ya wino usiofutika na kipande cha plasta vinatosha kuziandika. Kisichofaa kabisa ni kujaziliza dawa mpya juu ya ya jana ili chupa ifike mwisho wa mwezi.

Ubanaji huo wa matumizi umeshagharimu watu macho. Mwaka 2006 kuvu aina ya Fusarium walizuka katika macho ya wavaaji wa lenzi huko Singapore, Hong Kong na Marekani. Marekani peke yake walithibitishwa wagonjwa 164. Wengi walikuwa wakitumia dawa moja ya kusafishia, ReNu with MoistureLoc ya kampuni ya Bausch & Lomb, ambayo iliondolewa sokoni dunia nzima mwaka huohuo. Chupa zilizokuwa bado zimefungwa hazikukutwa na kuvu. Mambo yaliharibika baada ya kufunguliwa, na miongoni mwa tabia zilizobainika kwa wagonjwa ni kutumia tena dawa iliyokwisha kulala kwenye kikasha. Mwaka uliofuata dawa nyingine ya kampuni nyingine ikaondolewa, safari hii kwa sababu ya amiba. Wengi wao waliishi katika miji yenye maji ya bomba, umeme wa uhakika na daktari wa macho upande wa pili wa barabara. Tarehe ya kiwandani haikuwa na la kuwasaidia.

Jicho halivumilii mchezo huo kwa sababu ya lilivyoumbwa. Konea, yaani kile kioo cha mbele, haina mishipa ya damu. Ingekuwa nayo tusingeona kitu kupitia kwake. Oksijeni huipata hewani, kupitia machozi, na kope zikifungwa usiku huambulia kidogo tu. Weka lenzi juu yake kisha lala, na hicho kidogo kinapungua tena. Wataalamu wa Marekani wanakadiria kuwa kulala na lenzi huongeza uwezekano wa maambukizi ya konea mara sita hadi nane. Bakteria anayeogopwa zaidi, Pseudomonas aeruginosa, hupenda penye majimaji. Akipata mkwaruzo wa kuingilia, anaweza kuichimba konea ndani ya siku moja au mbili. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe, na kovu likikaa katikati, jicho hubaki na ukungu ambao miwani haiufuti.

Pwani hii haikuanza leo kupamba macho. Katika uchimbaji wa mambo ya kale ulioongozwa na Neville Chittick pale Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, vilipatikana vijiti vya shaba vya kupakia wanja, kwa hiyo bi harusi wa Kisiwani ya kale na bi harusi wa Masoko ya leo wangeelewana katika jambo hilo. Wanja nao una lawama zake, kwani aina nyingine hutengenezwa kwa madini ya risasi. Lakini kijiti cha wanja hupita ukingoni mwa kope na kutoka. Lenzi hukaa juu ya kioo chenyewe, saa nyingi, katikati ya shughuli yenye kila kinachoudhi jicho: moshi wa udi, poda, dawa ya nywele, vidole vilivyotoka kwenye piko.

Anayeamua kuvaa siku ya harusi ana utaratibu wake. Mikono ioshwe kwa sabuni na kukaushwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Lenzi ivaliwe kabla ya vipodozi na ivuliwe kabla ya vipodozi kufutwa. Isiwe ya kuazimana, hata na dada wa tumbo moja. Saluni inayokodisha lenzi moja kwa mabibi harusi wawili inakodisha pia kila kilichokuwemo kwenye jicho la wa kwanza. Kisha kuna suala la saa. Kadi ikisema saa mbili usiku, ukumbini ni saa nne, na bi harusi aliyevalishwa lenzi saa nane mchana hufikishwa chumbani karibu na alfajiri, amechoka, kope zinaanguka. Kungwi humfunza mwali mambo mengi. Kuvua lenzi kabla ya kulala bado hakujaingia kwenye somo.

Jambo la pili baada ya usingizi ni maji, nalo linatugusa kuliko watu wa mijini. Amiba aitwaye Acanthamoeba huishi kwenye visima, matangi, mabomba, udongo na hata maji ya bahari, na akijifunga ndani ya ganda lake hata klorini haimuwezi. Sehemu kubwa ya watu duniani wanaopata kidonda chake cha konea ni wavaaji wa lenzi, na matibabu yake huchukua miezi. Kwa hiyo maji ya kisima cha Kisiwani, ya pipa la uani, ya mvua na ya chupa ya dukani yote yako kundi moja: hayagusi lenzi wala kikasha. Kuyachemsha na kutia chumvi hakuyafanyi dawa. Chumvi ya mabwawa yetu inafaa sana kwa ng'onda. Haijapimwa kwa ajili ya jicho. Anayekwenda pwani kuogelea, au anayeingia majini kutafuta pweza, avue lenzi kwanza.

Hapo huja swali la udhu, na ni swali la haki mahali ambapo watu hutia maji usoni mara tano kwa siku. Wanazuoni walio wengi hawaoni ndani ya jicho kuwa sehemu ya uso inayopasa kuoshwa, hivyo lenzi haizuii udhu. Upande wa afya nao hauna ugumu: fumba macho barabara unapoosha uso, jifute kwa kitambaa kikavu kabla ya kufumbua, na usiguse lenzi kwa vidole vilivyolowa. Hatari haiko kwenye ibada, iko kwenye kidole chenye tone la maji ya kisima kinachorudi jichoni kurekebisha lenzi iliyosogea.

Sasa ule umbali. Jicho lenye lenzi likiuma, likawa jekundu, likakimbia mwanga, likatoa tongotongo au likaonyesha doa jeupe, anahitajika mtu mwenye mashine maalumu ya kuikuza konea na kuimulika, anayeweza kukwangua kidonda na kupeleka maabara, kisha dawa ya matone kila saa, usiku na mchana. Ngazi zetu zinajulikana: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya ya Kinyonga iliyoko Kilwa Kivinje, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, na kwa kidonda kibaya, Muhimbili au CCBRT, Dar es Salaam. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar ni zaidi ya kilometa 300. Kutoka Lindi ni kama 450. Aliye Songo Songo huanza na boti. Na hiyo ni barabara ikiwa nzima: Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga, na kwa siku kadhaa mikoa ya kusini ikabaki upande wake. Ukizilinganisha siku hizo na zile mbili za Pseudomonas, utaona kwa nini mtu wa Kilwa hawezi kuvaa lenzi kwa uzembe uleule wa mtu wa Mikocheni, Dar es Salaam.

Umbali huo una madhara mengine: hutufanya tuanze na kilicho karibu. Katika utafiti wa madaktari Yorston na Foster uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu vidonda vya konea hapa Tanzania, karibu robo ya wagonjwa walikuwa wamekwisha kutia dawa za kienyeji. Cha karibu kingine ni tyubu ya tetrasaiklini ya duka la dawa muhimu. Maduka hayo, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yamesaidia sana vijijini, lakini tyubu hiyo haimtishi Pseudomonas. Kibaya zaidi ni chupa ya matone iliyobaki kwa shangazi, iliyofunguliwa miezi sita iliyopita. Matone yaliyofunguliwa kwa kawaida hutupwa baada ya wiki nne, na yakiwa na steroidi ndani yake, huliacha jicho likiwa na unafuu wa juujuu huku kidonda kikiendelea kuchimba.

Halafu kuna somo ambalo tulijifunza vizuri mno. Januari 2024 mlipuko wa macho mekundu ulipita Dar es Salaam na mikoani, na Wizara ya Afya ikaonya watu wasitie machoni dawa zisizo rasmi. Ugonjwa ule uliletwa na virusi. Wengi walipona wenyewe baada ya siku chache, na wakatoka na imani kuwa jicho jekundu ni la kuvumiliwa wiki moja. Kwa asiyevaa lenzi, imani hiyo mara nyingi haimletei hasara. Kwa anayevaa, ni mtego. Yeye akiona jicho moja limekuwa jekundu na linauma, avue lenzi saa hiyohiyo, asiitupe, aiweke kwenye kikasha chake pamoja na pakiti yenye namba ya toleo, asifunge jicho kwa kitambaa, na asafiri siku hiyo. Lenzi na kikasha humpa daktari nafasi ya kumjua mdudu mapema.

Sheria haijalala katika haya, ingawa iko mbali kidogo na meza ya saluni. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019, ndiyo inayosimamia vifaa tiba, na lenzi, hata ikiwa ya rangi tupu, kwa haki ihesabiwe humo. Upimaji wa macho una sheria yake ya mwaka 2007 na baraza lake. Marekani walilimaliza suala hili mwaka 2005: kila lenzi, ya kuona au ya urembo, ni kifaa tiba na huuzwa kwa cheti cha mpimaji. Hapa kwetu kinachohitajika haraka ni kidogo kuliko hicho. Muuzaji aulizwe amepata wapi mzigo wake, mnunuzi apimwe jicho kabla ya kuvaa, na pakiti isiyo na tarehe, namba ya toleo wala jina la mtengenezaji ibaki mezani.

Wapo ambao lenzi ni hitaji lao kweli, kwa mfano wenye konea iliyochongoka, ambao miwani haiwasaidii. Hao wana daktari wao, na tarehe zao wanazijua kwa kichwa. Wengine wote wajipime kwa maswali manne. Nina dawa ya kusafishia ya kutosha mpaka basi lijalo? Ninazo fedha za kutupa lenzi siku yake ikifika? Nitaivua kabla ya kulala, hata usiku wa harusi? Nikiugua leo, kesho nitakuwa mbele ya daktari wa macho? Jibu la "hapana" hata moja linatosha kuiacha lenzi, na hakuna ushamba ndani yake. Miwani haihitaji dawa, haijali maji ya kisima, na haina tarehe ya mwisho. Ubovu wake mkubwa unaojulikana ni kukaliwa.